Tamima wa Kiponda na Kimya cha Uroa

Siku ya kwanza Tamima alipoingia ghalani kwangu, kule Malindi ya Unguja, nilimtazama pua. Mwani uliokauka una harufu yake, na mtu akinijia na haja mimi hutazama kwanza pua yake inafanya nini. Wazungu wa utafiti hujikaza mpaka machozi yakawatoka. Mabwana wa ofisini hutoa kitambaa. Huyu alikaa juu ya gunia, akakusanya buibui lake lisiguse sakafu, akasema, "Shikamoo, Bi Mwanapili. Nimeambiwa mtu akitaka kufika kwa wanawake wa mwani wa Uroa, mlango ni wewe."

"Marahaba. Mlango una bawabu. Nami nnapata nini?"

Wasomi ukiwauliza hivyo hukunja uso, kama umewatukania wazee wao. Yeye alicheka. "Unataka nini?"

Nilikuwa na mkataba wa mnunuzi wangu wa nje, umeandikwa Kiingereza kisichokwisha. Kiingereza changu mimi ni cha bei na uzito. Kikivuka hapo nnapotea. Nikamtupia mapajani. "Nisomee huu, unambie naumia wapi."

Akausoma wote, akarudi ukurasa wa kati, akaweka kidole. "Hapa. Mzigo ukiingia maji melini, hasara ni yako, hata kama ushatoka mikononi mwako."

"Basi nnawapigia simu sasa hivi, wanisikie."

"Usiwapigie. Usitie saini, usikatae, wala simu zao usipokee. Mtu mwenye meli ya kujaza hamuwezi mtu asiyejibu."

Nikanyamaza kama alivyonambia, roho iko juu. Jamaa wakapiga simu, wakaandika, wakapiga tena, mwisho wakaleta mkataba mwingine, na kile kifungu hakimo. Hapo nikajua kuwa huyu ni mfanyabiashara mwenzangu, ila bidhaa yake ni maneno. Wiki ile ile nikampeleka Uroa.

Kule kiongozi wa wanawake wa mwani ni Mardhiya, mwanamke mrefu, vidole vimechanika kwa taitai, vile vikamba vya kufungia miche. Nilipotaja bei yangu siku ile alipandisha sauti, pwani nzima ikasikia: "Mnyonyaji we, Mwanapili! Siku ukifa tutakukafini kwa gunia!" Wenzake wakaitikia, kila mmoja na tusi lake.

Tamima alishtuka. "Mbona wanakutukana hivi?"

"Wanakubali," nikamwambia. "Wasingeitaka hiyo bei wangenyamaza, wakafunga magunia yao, wakenda zao."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Nakumbuka alirudia maneno yale njia nzima, kama mtu aliyepewa zawadi.

Tamima ni mtoto wa Kiponda, mtaa wa waungwana mjini. Baba yake, Maalim Khelef, alisomesha hesabu maisha yake yote. Nyumba yao ni ya babu, enzi wana mashamba ya mikarafuu; mashamba yakenda, ikabaki nyumba na jina, na jina haliezeki paa. Babu yangu mimi alitoka bara kuja kupagaa mizigo bandarini. Zamani mtu wa kwetu Ng'ambo, upande wa wapagazi, angeingia nyumba ile kwa mlango wa uani. Sikupata kulitaja hilo kwake, wala yeye hakujifanya halijui. Nilipokwenda kwao mara ya kwanza alinifungulia mlango mkubwa mwenyewe, na kahawa akanimiminia kwa mkono wake.

Alipomaliza skuli aliposwa na binamu yake wa Maskati. Siku ya nikaha walikuja mlangoni mwa chumba chake kumuuliza kama ameridhia. Akanyamaza.

"Nilikuwa natafuta maneno," alinambia siku moja tukiwa barazani. "Mazuri, ya adabu, ya kukataa bila ya kumvunja Baba mbele ya watu. Kabla sijayapata, nikasikia vigelegele."

Kimya cha mwali ni ridhaa. Ndivyo tulivyolelewa sote. Sheria mimi siilaumu. Waliokwenda kuuliza ndio waliokuwa na haraka, biriani iko motoni na wageni wamekaa. Ndoa ile haikufika mbali. Akarudi Unguja na sanduku moja, mtoto hana, akenda Dar es Salaam kusoma uhusiano wa kimataifa, kisha akavuka kwenda Ulaya kwa shahada ya udaktari wa falsafa. Kiponda wakapata la kusema: "Uhusiano wa nyumbani umemshinda, sasa anakwenda kusomea wa dunia."

Alichokisomea ni namna nchi zinavyopatana juu ya hili joto: nani apunguze moshi, na nani amlipe aliyeharibikiwa. Mimi nilimuuliza kama mtu anavyouliza biashara ya mwenzake inavyokwenda.

"Kuna ukumbi," akanambia, "marikiti yote ya Darajani inaingia ndani. Mwenyekiti anakaa juu, ana nyundo ndogo ya mbao. Anasema, 'Kama hakuna pingamizi…' anatazama huku, anatazama kule, ta! Limepita. Nchi kubwa zina watu kila chumba. Nchi ndogo ina watu watatu: mmoja anaumwa, mmoja yuko chumba cha pili, wa tatu ndiyo kwanza anatafuta ukurasa."

"Na huyo wa tatu ndiye wewe."

"Mimi wa nne, mshauri. Nasimama nyuma ya kiti."

Kitabu alichokiandika kilikuwa juu ya hilo tu: vipi kimya cha nchi ndogo kinavyoandikwa kuwa ni kukubali kwao. Walimu wa Ulaya wakakisifu, chuoni alikosomesha akapandishwa cheo, wanafunzi wakakisoma. Lakini yeye alikuwa akitaka kitu kimoja, na hakunificha. "Kile kiti, Bi Mwanapili. Chenye kibao cha jina la nchi mbele yake na kipaza sauti. Siku moja tu nisikae nyuma yake."

Sikuona ubaya. Kila mtu ana duka lake analolipigia hesabu.

Halafu ikaja kampuni ya hewa ukaa. Hawa walitaka kukodi maji ya Uroa, pale ndani ya mwamba ambapo majani ya bahari yameota. Walisema majani yale yanazika uchafu wa hewa chini ya mchanga, na uchafu uliozikwa unauzika kwa viwanda vya mbali ili navyo viendelee kutoa moshi wao. Nimeuza vitu vingi katika umri wangu, lakini kumuuzia mtu hewa iliyozikwa asiyoiona wala kuinusa, hapo niliwapa heshima yao. Sharti lao lilikuwa moja: vigingi na kamba za mwani zitoke, kwa sababu vinakanyaga majani. Kijiji kitapewa bomba la maji, kituo cha afya kitaezekwa, na wasichana watapata kazi ya ulinzi.

Ilihitajika ripoti ya msomi wa kuonesha kwamba watu wa Uroa wameridhia. Tamima akapewa kazi ile. Na akaahidiwa: mradi ukipita, utapelekwa kwenye mkutano mkubwa wa tabianchi uwe mfano kwa visiwa vyote, na siku ya kuuwasilisha atakayekaa kwenye kiti ni yeye.

Na mimi nilikuwa na langu. Mradi ulitaka mashua na ghala, na nilishaahidiwa nitapewa mimi. Nalisema ili msomaji asije akafikiri nilisimama upande wa malaika.

Mkutano ulifanyika darasani Uroa. Wanaume wamekaa kwenye madawati, wanawake nyuma mkekani. Mwenyekiti wa kamati ya mradi alikuwa Mzee Machano. Hakuwa mtu mbaya; alitaka kituo cha afya kipate paa, na alilitaka kwa moyo. Tamima akaeleza vizuri, kwa Kiswahili cha kueleweka, hakuficha hata lile la vigingi. Kisha akauliza, "Haya, mama zangu, nyinyi ndio wenye kulima. Mnasemaje?"

Kimya. Mardhiya anatazama vidole vyake. Wengine wanavuta vitenge vyao. Mtoto mmoja akalia, akatiwa ziwa kinywani.

Mzee Machano akageuka akacheka. "Daktari, wewe mtoto wa kiungwana, hulijui hili? Hawa wako kama biharusi. Wamenyamaza, wameridhia!"

Darasa zima la wanaume likaangua kicheko. Tamima naye akacheka, kwa adabu, mkono mdomoni. Kisha akaandika.

Tulipokuwa garini, tumeshapita Chwaka, alikuwa anarudia kusoma alichoandika. Mwisho akanigeukia. "Bi Mwanapili, wale wamekubali?"

"Usiniulize mimi. Mimi nimeahidiwa mashua. Mwenye samaki haulizwi kama ameoza."

Akatazama dirishani. Ripoti ilikuwa inatakiwa wiki ile, na jina lake lilishatiwa kwenye msafara. Aliipeleka. Ndani yake aliandika kuwa jamii imeshauriwa na hapakuwa na pingamizi. Maneno yale yale ya mwenyekiti mwenye nyundo, aliyeyatungia kitabu kizima.

Bamvua lililofuata, maji yalipokauka sana, wanawake waliteremka pwani wakakuta vigingi vyao vimeng'olewa, vimerundikwa mchangani kama kuni, na walinzi wa mradi wamesimama penye maboya ya mpaka. Tamima alishaondoka na msafara, kwenye mji wa baridi huko. Mardhiya akaja ghalani kwangu, hakutaka kukaa.

"Yuko wapi yule Daktari wako?"

"Si wangu. Yuko mkutanoni."

"Mpigie umwambie sisi hatukusema kitu."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana mmeandikwa mmekubali."

Alinitazama mpaka nikaona nipange magunia ambayo yalikuwa yamepangika. Kisha akaomba simu yangu, akasema ndani yake, na mimi nikaupeleka ule ujumbe wa sauti kama ulivyo. Msione huruma hapo. Mashua za mradi zilikuwa bado ni maneno, na mwani wa Uroa naujua. Na kupeleka sauti hakuna gharama.

Mardhiya alisema hivi: "Bi Tamima, uliniuliza mbele ya Mzee Machano. Wewe hukujua kama ni baba mkwe wangu? Mimi mbele ya mkwe wangu hata kula sili. Ulitaka nisimame darasani nimwambie muongo? Ungekuja jikoni kwangu ukaniuliza. Ulikula samaki wangu siku ya kwanza uliyoletwa, jikoni unakujua. Basi. Salamu kwa wazee."

Yaliyofuata ameyasimulia mwenyewe, mara moja tu. Aliusikia ujumbe akiwa kwenye foleni ya kahawa, akatoka kwenye foleni. Asubuhi yake kikao. Akakaa kwenye kiti. Kibao mbele yake, kipaza sauti, watu wa nyuma wanampa karatasi. Akautaja mradi, akasoma maelezo mpaka mwisho, na ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti akashika nyundo. "Kama hakuna pingamizi…"

"Ukafanya nini?" nikamuuliza.

"Nikakisimamisha kibao. Ukikisimamisha unaomba kusema. Watu wakacheka, walifikiri nimekosea. Nani anaweka pingamizi kwenye mradi wake mwenyewe? Nikasema ripoti niliiandika mimi, na wanawake wale hawakuridhia, na mimi nilijua."

"Ulijua lini?"

"Pale pale darasani, Bi Mwanapili. Aliposema biharusi."

Nilikasirika, sikatai. Nikamwambia mimi ningeomba waahirishe tu. Ningerudi nyumbani, nikazungumza na kampuni pembeni, nikabana hapa na pale, vigingi vikarudi na kiti kikabaki. Mambo hayavunjwi mbele ya watu ilhali unaweza kuyafungua chumbani.

"Nyundo ilikuwa juu," akajibu.

"Nyundo ni ubao."

"Hata mlango wa chumba changu kwa Baba ulikuwa ubao."

Kampuni ilijitoa. Hakuna aliyempigia Tamima kelele; mambo haya hufanywa kwa barua laini. Jina lake likatoka kwenye msafara na halikurudi. Chuoni mkataba wake ulipokwisha haukuandikwa mwingine, na wenzake wakasema, kwa masikitiko, kwamba msomi aliyekiri kuwa alitoa ripoti ya uongo huwezi kumuweka mbele ya wanafunzi. Wala hawakukosea. Ndilo lililomuuma zaidi: hakuwa na wa kumlaumu. Kitabu chake bado kipo, lakini sasa watu wakikitaja hutabasamu.

Usidhani Uroa walimshangilia. Bomba halikuja. Kituo cha afya kimebaki na turubai, na mvua za masika zikinyesha wajawazito wanasogezwa ukutani. Wasichana walioahidiwa kazi ya ulinzi wakampita Mardhiya bila salamu. Mzee Machano alijua neno limetoka kwa mkwewe, hakusema naye tena; chakula chake akawa anapelekewa na mwengine. Mardhiya alipata bahari, akapoteza nyumba nusu. Na bahari yenyewe ndiyo hiyo imekuwa moto. Kotonii, ule mwani wenye bei, huota kidogo ukageuka mweupe, ukakatika kama tambi zilizopikwa mno. Wanachovuna ni ule wa bei ya chini.

Mimi mashua sikupata. Nilizitafuta faida nyengine, kama kawaida.

Nikamwita Tamima ghalani, nikamwambia, "Njoo unisomee mikataba. Nitakulipa mshahara, si sadaka."

"Ahsante, Bi Mwanapili. Nshapata kazi."

"Kwa nani?"

"Kwa Mardhiya."

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa akenda Uroa muda mrefu. Mara ya kwanza Mardhiya hakumfungulia. Mara ya pili alimfungulia akampa fungu la taitai, akamwambia afunge miche na asifungue mdomo. Alifunga mpaka vidole vikatoka damu. Baadaye ndipo akaruhusiwa kuuliza, jikoni, kwa mmoja mmoja, moto unawaka na hakuna mwanamume wa karibu. Wengine walimwambia walikuwa wanautaka mradi, kwa ajili ya paa. Akayaandika na hayo pia. Hakuna chuo kinachoyasubiri.

"Na Mardhiya anakulipa nini?"

"Nauli na samaki."

"Umesoma Ulaya ili ulipwe changu wa kukaanga!"

"Na pono, akipatikana."

Msimu ulipofika nikateremka Uroa kununua. Nimezoea kusimama pwani, wanawake wanizunguke, nitaje bei, nitukanwe, tumalize. Safari hii walinipeleka jikoni kwa Mardhiya, nikapewa kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nikalie, na moshi unanipata mimi tu. Mardhiya mbele yangu. Tamima nyuma yake, amesimama, kitenge kiunoni.

Nikataja bei yangu.

Hakuna aliyesema. Mardhiya akachochea moto. Wengine mlangoni wanatazama miguu yao. Nikamtazama Tamima, naye akanitazama, uso wake hauna kitu, kama siku ile aliponiambia nisipokee simu. Nami nilikuwa na meli ya kujaza. Nilijua vizuri wanachonifanyia, na nani aliyewafundisha kukifanya wote kwa pamoja, na kujua hakukunisaidia. Moshi ulikuwa mwingi. Nikapandisha.

Kimya.

"Nyinyi wanawake mna nini leo?" nikasema. Nikapandisha tena, mpaka mahali ambapo nilikuwa nimejiapia kwamba sifiki.

Mardhiya akaweka mwiko chini. "Mnyonyaji mkubwa we!" akapiga ukelele. "Kizee cha Malindi, gunia litakuwa sanda yako!" Jikoni kukalipuka, mlangoni kukalipuka, kila mmoja na lake, hata wale wasichana waliokuwa hawamsalimii Mardhiya wakatia na wao. Nikajua tumeshapatana.

Tamima alinisindikiza mpaka garini, akanisaidia kufunga turubai juu ya mzigo. Hakucheka. Magunia yalikuwa machache kuliko mwaka wa nyuma, na mwaka wa nyuma yalikuwa machache kuliko wa juzi yake. Kwa hiyo bei waliyonishinda niliilipa kwa mzigo mdogo, na nikipiga hesabu sikuumia sana. Wao wamepata bei nzuri ya kitu kinachokwisha. Na kati yetu sote pale, anayejua kwa nini kinakwisha, na ni ukumbi gani wa kwenda kulisema hilo, ni yeye, na ukumbini hawamwiti tena.